Lori Kupita Muhutwe Mchana

"Lori lisipite Muhutwe mchana. Nimeshasema."

"Umeshasema sana. Ngosha, wewe funga turubai."

Ngosha, dereva, hakufunga. Alisimama juu ya magodoro yetu, nje ya nyumba tuliyopanga Mirongo, mjini Mwanza, akamtazama mume wangu, kisha akanitazama mimi. "Elewaneni kwanza, mama. Mimi nafunga mara moja tu."

"Tukiondoka alasiri, Muhutwe tunapita usiku," Projest alisema. "Ubaya uko wapi?"

"Baba Brightness, tunahama. Hatutoroki."

Ngosha alicheka. "Wahaya bwana! Hata kuhama lazima mpendeze."

Tulikuwa tunahamia Kayanga, milimani huko Karagwe. Nilikuwa nimepata kazi ya maabara kwenye zahanati, na kwa kodi ya vyumba viwili vya Mirongo, Kayanga unapanga nyumba nzima yenye uwanja na migomba. Projest alikubali bila shida. Shida ilikuwa barabara. Inapita Muhutwe, kwao, mbele kabisa ya mlango wa kaka yake mkubwa, Rugemalira.

Kila Krismasi Projest hukodi gari dogo, huvaa suti, na tunaingia Muhutwe kwa honi. Huwanunulia wazee pombe ya rubisi, na ikishawakolea huwasimulia ghorofa yetu ya Ilemela, juu ya mawe, madirisha yanatazama ziwa. Kiwanja cha Ilemela tunacho kweli. Kina msingi, na ndani ya msingi mbuzi wa jirani wanakula nyasi. Mimi nilikuwa nanyamaza. Sikukuu huisha, watu hurudi makazini.

"Basi tangulieni," Projest alisema. "Nitawafuata Krismasi."

"Utakaa wapi? Mwenye nyumba anasubiri funguo."

"Dukani kwa Salehe."

Salehe ni mwenzake wa kutengeneza majokofu.

"Kule kumejaa majokofu mabovu. Utalala ndani ya lipi?"

Brightness, binti yetu wa kidato cha tatu, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Baba, Krismasi iliyopita baba mkubwa aliniuliza ghorofani tunalala wangapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia watatu. Sasa akiuliza tena? Nimwambie baba kabaki Mwanza analinda ghorofa?"

Projest aligeukia ukuta. Akaukuna kwa ukucha, rangi ikadondoka. Nikajua hawezi kupanda lile lori. Wanaume wa "nitawafuata" nawafahamu. Wengine watoto wao wameshaoa, wao bado hawajafuata.

Nikatoa simu, nikampigia Rugemalira, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mke wetu. Habari za mjini?"

"Mji tunauacha leo. Tunahamia Kayanga, nimepata kazi. Tutapita hapo kwako na lori la vyombo. Halafu, shemeji, Ilemela hakuna ghorofa. Kuna msingi. Miaka yote hii tumepanga."

Projest alinyoosha mkono kuchukua simu, akaurudisha.

Upande wa pili nilisikia kiti kinasogezwa. "Projest yupo?"

"Yupo. Anakusikia."

"Projest."

"Naam, kaka. Shikamoo."

Rugemalira hakuitikia. "Ile ghorofa nilimwambia padri. Padri akaisema kanisani, watu wote wakisikia."

"Ndiyo, kaka."

"Ndiyo nini? Mnafika saa ngapi?"

"Jioni," nilisema. "Kabla jua halijazama."

"Simameni hapa. Mtakula, na tutaongea." Akakata.

"Umeniaibisha," Projest alisema.

"Ndiyo. Ngosha, tupa kamba."

Ngosha aliitupa. Ilianguka miguuni pa Projest. Aliiangalia kidogo, kisha akaiokota, akakanyaga gurudumu kwa mguu mmoja, akavuta mpaka turubai likakaza. Nilipeleka funguo kwa mwenye nyumba. Niliporudi, Projest na Brightness walikuwa wameshapanda mbele. Baba amejibana katikati, binti dirishani.

"Badilishaneni. Muhutwe wamwone baba," nikasema.

Projest akahamia dirishani. Nikabanana nao, na Ngosha akawasha lori.