Kiti cha Toba cha Balkerrie

Kanisani kwetu Balkerrie kuna kiti kisicho na mto, mbele kabisa, chini ya mimbari. Aliyezini hukikalia Jumapili baada ya Jumapili huku mchungaji akimkaripia kwa jina na parokia nzima ikimkodolea macho. Nimemwona binti wa msaga unga akikikalia, maziwa yamemlowesha kifua. Wa nyumba kubwa sijamwona hata mmoja. Bibi Marjory Lumsdaine angekuwa radhi afe kuliko kumwona mwanawe pale, na kiburi hicho ndicho kilichozua haya yote.

Mwanawe, Archibald, alirudi kutoka mashamba yao ya miwa Jamaika kifua kimeoza, akishikwa mkono na Phibba, mwanamke mweusi wa huko. Nyumba nzima ilimwita kijakazi. Mimi ndimi mpishi. Kila asubuhi nilipeleka uji chumbani, na niliona jinsi Archibald alivyokataa kijiko chochote kisichotoka kwa Phibba. Theluji ilipoyeyuka, Phibba akajifungua mtoto wa kiume mwenye pua ya kina Lumsdaine, ile ile iliyochorwa kwenye kila picha ukumbini. Haikuwezekana kuficha.

Mchungaji Pitcairn alikuja na wazee wawili wa kanisa. Nilipowaletea chai waliikataa, nami nikajua kuna jambo.

"Bibi, yule mtoto ni wa nani?"

"Una macho, Mchungaji. Ni wa mwanangu."

"Basi kiti kinamngoja mwanao."

"Kiti? Nani akakikalie, Lumsdaine? Hawa wameoana! Wattie, hebu mwinue Archibald, awaambie mwenyewe."

Wattie ni mume wangu, mtunza farasi; aliitwa mle ndani kwa sababu mgonjwa alikuwa habebeki na mtu mwingine. Akamwinua, akamwegemeza begani. Archibald akaushika mkono wa Phibba.

"Huyu ni mke wangu," alisema, kwa sauti ambayo sikudhani kifua kile bado kinayo.

"Na wewe, mama?" mchungaji aliuliza.

"Huyu ni mume wangu," Phibba akajibu.

Wazee wakanywa chai.

Na kwetu Uskoti hiyo ni ndoa. Si lazima kanisa wala pete; mwanamume na mwanamke wakitamka hivyo mbele ya watu, wameoana. Mimi na Wattie tulioana vivyo hivyo, zizini, mbele ya waosha nguo wawili ambao sasa ni marehemu. Bibi alidhani amedanganya, kumbe amemwoza mwanawe. Nusura nicheke na sinia mkononi.

Archibald alikufa kabla ya mavuno. Baada ya mazishi wakili akamweleza Bibi kwamba mjane ana theluthi ya mapato ya shamba maisha yake yote, na kwamba kile kitoto ndicho mrithi wa Balkerrie.

"Mjane gani?" Bibi akasema. "Hapa kuna kijakazi na mwanawe, na bandarini Greenock kuna meli ya Jamaika. Watauzwa huko, kila mmoja na bwana wake."

Nilimwendea mchungaji mbio, aproni ikiwa bado kiunoni.

"Mchungaji, ulisikia kwa masikio yako."

"Nilimsikia mgonjwa akiweweseka, Grizel."

Juu ya vichwa vyetu mafundi walikuwa wakiezeka paa jipya la kanisa, zawadi ya Bibi, paa la fedha za sukari. Wale wazee nao walikuwa wamesahau kila kitu ila chai.

"Wewe sema," mmoja akaniambia. "Lakini sheria unaijua. Mdomo mmoja si ushahidi. Lete wa pili."

Nilirudi kwa Phibba nikamweleza waliyosema. Alikuwa akimfunga mtoto mgongoni.

"Kwa hiyo wanasema sikuolewa?"

"Ndivyo wanavyosema, mwanangu."

"Basi nimezini. Wanipe kiti chao."

Jumapili akapita katikati ya kanisa, akakikalia kiti cha toba na mtoto wake mgongoni. Nilimwona mchungaji akitokwa na jasho kwenye baridi ile, maana alikuwa amebanwa: akimwacha pale, lazima amtaje Lumsdaine aliyezini naye, akimwinua, amekiri kuwa ni mke.

"Inuka, mwanamke," alisema mwishowe. "Hicho si kiti chako."

"Kama si mke, na si mzinzi, mimi ni nani, Mchungaji?"

Jibu likatoka juu, kwenye roshani ya kina Lumsdaine. "Wewe ni mali yangu," Bibi alisema. "Ng'ombe hatubu."

Damu ikanipanda, nikasimama. "Ni mkwe wako! Wewe mwenyewe uliwaozesha, nami nilisikia!" Kisha nikamgeukia mume wangu. Kilichohitajika ni mdomo mmoja tu. "Wattie, simama. Ulikuwa umemshika. Sema."

Phibba naye akamgeukia. Kanisa zima likamgeukia. Wattie akatazama viatu vyake.

"Kaa chini, mke wangu," akanong'ona. "Nyumba tunayolala ni ya nani? Unatutia aibu."

Nikabaki nimesimama, sina maana, huku wazee wakimwinua Phibba kwa kumshika makwapani. Mtoto ndiye aliyelia mpaka nje.

Gari lililowapeleka Greenock liliendeshwa na Wattie. Nani mwingine anayewaweza farasi wale? Aliporudi alikuwa na bonge zima la sukari, jeupe, refu, lenye ncha, limefungwa kwa karatasi ya buluu. Ndiyo shukrani ya Bibi. Akaliweka mezani, akavua viatu, akakaa asubiri chakula. Sikuwa nimewasha moto.

"Njaa inaniuma, mke wangu. Chakula kiko wapi?"

Nikamsogezea lile bonge na kisu.

"Kula."

"Mke wangu, tafadhali..."

"Mke wa nani, Wattie?" nikamuuliza. "Una mashahidi?"