Kinanda cha Boksi

Maharage ya wanafunzi yalikuwa yakitokota, na Emerensiana alikuwa akigonga mfuniko wa sufuria kwa vidole vya mkono wake wa kulia. Gumba, cha tatu, cha tano. Gumba tena.

"Mama Brayson, unahesabu nini?" aliuliza Joyce, mpishi mwenzake.

"Nacheza wimbo."

"Wimbo gani?"

"Sijui."

Joyce alicheka mpaka moshi ukampalia. Lakini ilikuwa kweli tupu. Miezi minne sasa Emerensiana alikuwa anajifunza wimbo ambao hajawahi kuusikia.

Ndivyo alivyofundisha Mwalimu Severine. Zamani alikuwa mwalimu wa kwaya. Siku hizi alimfundisha yeyote aliyekuja sebuleni kwake, na alikuwa na kinanda kimoja na sheria moja: hukigusi kinanda mpaka umalize wimbo mzima kwenye boksi, bila kuangalia vidole. Boksi lenyewe lilikuwa la mafuta ya kula, limekatwa, likachorwa batani nyeupe na nyeusi kwa maki peni. Na wimbo aliutunga mwenyewe, ili mwanafunzi asije akausikia mahali.

"Sikio la mtu mzima lina umbea," alikuwa akisema. "Likishaujua wimbo, vidole vinategea."

Jumamosi iliyopita Emerensiana alimaliza bila kosa. Mwalimu akasema, "Alhamisi utausikia."

Tangu hapo hakulala vizuri. Ni wa furaha au wa msiba? Pale vidole viwili vinapokimbizana, kunatokea nini? Tangu utoto alikikodolea macho kinanda cha kanisani, akaambiwa kazi ya wanawake ni kuimba sauti ya kwanza na kufua majoho. Sasa ana miaka arobaini na mbili, na leo ni Alhamisi.

Alisugua masufuria harakaharaka, akaweka boksi lake kwenye mfuko, akatoka karibu anakimbia.

Getini kwa Mwalimu alikutana na mgambo wawili wamebeba kinanda, waya unaburuzika chini. Mwalimu alifuata nyuma, kandambili miguuni.

"Shikamoo Mwalimu. Kinaenda wapi?"

"Marahaba. Ofisi ya kata. Eti nafundisha bila kibali, tena nina kelele."

Ilibidi arudie kwa sauti ya juu, maana baa ya ng'ambo ya barabara ilikuwa imefungulia spika zenye kimo cha mlango. Baa ilikuwa na kibali, kimewekwa kwenye fremu.

Ofisini, Mtendaji Aminiel, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri, alimwamkia Mwalimu kwa adabu zote. Kisha akafungua daftari, na adabu ikaishia hapo.

"Fomu ya mafunzo ina ushonaji, kompyuta, udereva na tuisheni. Muziki haumo, mzee. Muziki uko kwenye burudani."

"Basi niandike burudani."

"Burudani hairuhusiwi kwenye nyumba ya kuishi."

"Sasa nifanyeje?"

"Nenda halmashauri."

"Nilienda Februari. Wakasema nianzie kwako."

Kuuliza si ujinga, lakini kuna ofisi ambazo swali la pili huhesabiwa utovu wa nidhamu. Mtendaji akafunga daftari.

"Kinanda ni kielelezo cha kosa. Kinabaki hapa."

Kinanda kilikuwa kimeshapandishwa juu ya kabati, katikati ya mafaili yenye vumbi. Emerensiana aliona soketi ya umeme ukutani, hatua mbili tu.

"Mtendaji, naomba nikicheze mara moja. Wimbo mmoja, halafu kibaki."

"Mama, kielelezo hakichezwi."

"Hata kwa sauti ndogo?"

"Hapa ni ofisini."

Ilimuuma Emerensiana, ikamuuma kweli, kama mtu aliyenyang'anywa sahani akiwa ameshanawa mikono. Akatoa boksi kwenye mfuko, akalilaza mezani, juu ya daftari la Mtendaji.

"Kinanda hiki hakina kelele," alisema.

Akaanza kucheza. Hakuna kilichosikika isipokuwa vidole juu ya boksi. Watu waliokuwa kwenye foleni ya kugongewa barua mihuri walisogea, wakanyoosha shingo. Mwalimu alisimama pembeni, macho kwenye mikono ya mwanafunzi wake.

"Kidole cha nne, Mama Brayson."

Akarekebisha, akaendelea mpaka mwisho.

Mtendaji alikuwa bado ameshika kalamu hewani. Alitazama boksi, akamtazama mama yule, akashindwa kujizuia.

"Wimbo wenyewe unaendaje?"

"Sijui, Mtendaji. Ndio nilikuja kuusikia leo."

Foleni nzima ikageuka kutazama juu ya kabati. Mtendaji naye akatazama, kisha akainamisha macho.

"Mje Jumatatu," alisema.

Akanyoosha mkono achukue daftari lake. Emerensiana hakuliondoa boksi. Aliweka gumba mahali pake, akaanza upya.