Uzi Uliokutwa kwa Chaza wa Mize

Raya, mpimaji wa maabara ya pwani, anaegemeza kichwa kando ya hadubini baada ya chakula cha mchana, amejikunyata ndani ya sweta lake la buluu maana kiyoyozi cha humu hakina huruma, na usingizi unamchukua kabla hajaituma ripoti inayosema chaza wa mama yake mdogo, Mize, wana nyuzi za plastiki tumboni na wasiuzwe. Miaka mitatu Mize amewafuga kwenye kamba zake za kijani za nailoni. Ripoti ikienda, kazi ya Mize imekwisha, na Raya anamwonea uchungu. Sasa yumo katika njia nyeupe, laini, isiyo na mwisho, na anajua bila kuambiwa kwamba ni utumbo wa chaza. Huku na huku mji wa vioo, na katika kila kioo yuko Raya mwingine anayehesabu nyuzi. Mtu asiye na uso anamshika mkono, sauti yake ni ya Mize. Nani kawalisha plastiki viumbe hawa? anauliza Raya. Anayewatunza ndiye anayewalisha, anajibu asiye na uso. Sijakuelewa, mama mdogo. Vuta, utaelewa. Basi anaushika uzi wa buluu uliolala njiani, anavuta, anavuta, mji unageuka, njia inarudi ilikotoka, na kadiri anavyovuta ndivyo bega lake linavyopata baridi, mpaka anaona mkono wa sweta umefumuka wote.

Anazinduka. Sweta ni zima. Lakini ile sahani tupu, inayoachwa wazi mezani inase vumbi la humu ndani, ijulikane kama nyuzi ni za chaza au za hewani, asubuhi hakuitazama, uvivu tu. Anaiweka chini ya hadubini: nyuzi za buluu tele. Zake mwenyewe! Humu huvaliwa pamba tu, si sweta la nyuzi za plastiki kama lake, naye anajua. Anacheka peke yake kwa furaha, anavua sweta, analitupa nje ya mlango, anachuja chupa ya mwisho ya sampuli ya chaza huku akitetemeka kwa baridi. Anatazama. Uzi mmoja tu, wa kijani, rangi ya kamba za Mize.

Simu inalia. Mwanangu, anasema Mize, tunavuta kamba sasa hivi, nambie, tuvune tusivune?

Raya anajishika bega. Lina baridi, kama kule ndotoni. Mama mdogo, anasema, kabla sijakujibu, nambie kwanza kama una uso.