Joto la Kisahani cha Mwisho

Dada yangu alikuwa mkono wa birika wa maneno, hata kwenye karatasi. Kwa miaka tisa alikuza tabaka jembamba la semikondakta, malighafi ya chipu za kompyuta, juu ya visahani katika maabara yetu, na mimi, mdogo wake, kazi yangu ilikuwa kuvikata na kuvifunga mbele ya leza. Leza ikikipiga kisahani, yanatoka mawimbi ya terahazi, yale yanayopenya nguo na karatasi bila kumdhuru mtu. Siri yote iko kwenye joto la tanuri linalokuzia tabaka hilo. Likizidi kidogo tu, umetoka kapa.

Dada alifariki wiki tatu zilizopita. Aliacha kisahani kimoja ambacho hakijapimwa, na jana asubuhi nilipiga moyo konde nikakipima. Mawimbi yalikuwa na nguvu mara nne ya yote tuliyowahi kupata. Mkuu wa maabara, tunayemwita Desimali kwa kupenda tarakimu, alipiga makofi kama mtoto.

"Joto lilikuwa digrii ngapi?" akauliza. "Tukianza kubahatisha itatuchukua miezi, na Ijumaa wafadhili wanaufunga mradi. Nipe namba tu, niwazuie."

Nikafungua daftari la dada. Mbele ya neno "joto" alikuwa ameandika: "Kama kawaida." Nikafunua ukurasa wa nyuma yake. Kama kawaida. Nikarudi mpaka mwaka juzi, kama kawaida, kama kawaida, kwa mwandiko ule ule wa kubana.

"Kwani mashine ya tanuri haikutunza kumbukumbu?"

"Imetunza, bosi, lakini kipimajoto chake kinadanganya. Dada peke yake ndiye aliyejua kinadanganya kwa kiasi gani. Alikuwa anajumlisha kichwani."

"Kichwani!" Desimali akashika kichwa chake mwenyewe. "Na wewe hukuwahi kumuuliza?"

Nikasema sikuwahi. Ni kweli, ila si kweli yote. Siku mbili kabla hajafa, hospitalini, aliniambia, "Njoo na daftari, mdogo wangu, nikutajie namba zangu." Nikamvutia shuka vizuri. "Achana na kazi, pumzika," nikamwambia. "Utaandika mwenyewe ukipona." Nilijiona nina huruma sana. Sasa naichukia huruma ile, na yeye pia nimemkasirikia. Mbishi vile, kwa nini alinitii siku hiyo moja tu maishani mwake?

Jioni nikapita kwa mama. Nilimkuta kwenye kitanda cha dada, anakunja nguo zake.

"Kile kipande chake kimefanya kazi?" akauliza.

"Kimefanya, mama. Hatujapata kuona kizuri kama hicho."

Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. "Afadhali. Basi mtatengeneza vingine, si alikufundisha?"

Nikachukua gauni lililobaki, nikakaa karibu yake.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alinifundisha."