Konokono Kwenye Mita ya Sitini

Kamba ilikuwa ya kufungia ng'ombe, vipande vinne vilivyoungwa, na Melania ndiye aliyeipima. Aliilaza kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, akaazima futi ya fundi seremala, akafunga fundo kila baada ya mita kumi mpaka yakatimia sita. Kisha akaanza upya, maana mara ya kwanza Jilala, mwenzake wa kamati, alikuwa ameikanyaga ncha huku akipiga soga.

Mkutano wa kijiji ulikuwa umekubaliana kuhusu kijito cha Nyakabingo: ndani ya mita sitini kutoka ukingoni, mtu asilime, asichome matofali, asioshe mchanga wa dhahabu. Kamati ya watu wanne ikapewa mawe kumi na mawili na kopo la rangi nyeupe kutoka Buseresere, waende wakaweke mpaka. Melania, ambaye wengi humwita Mama Luka, alikuwa katibu wake. Alikuwa pia na mwalo wa kuoshea mchanga palepale bondeni: mbao zilizoinamishwa na kutandikwa magunia, mchanga na maji vikimwagwa juu, dhahabu ikibaki kwenye nyuzi. Tangu mumewe afariki, mwalo huo ndio uliomlisha.

Ilikuwa Agosti. Maji yalikuwa mstari mwembamba katikati ya mchanga, mtu anauruka bila kupandisha nguo. Mwenyekiti Bujiku alichomeka kijiti pale maji yalipoishia, akasema, "Tuanzie hapa."

Hakuna aliyeuliza. Kamba ikavutwa. Fundo la sita likaangukia hatua tatu kabla ya mwalo wa Melania, na tanuru la matofali la Bujiku likasalimika kwa hatua kumi.

"Kamba hii ina adabu," Jilala akasema. "Imefika kwa wakubwa, ikasimama."

Walicheka. Melania aliandika kwenye daftari, kwa penseli: mita sitini. Jilala akashika jembe kuchimba shimo la jiwe la kwanza. Yeye ni mfugaji, na hana cha kupoteza bondeni isipokuwa njia ya ng'ombe wake kwenda kunywa, kwa hiyo alichimba huku akiimba. Shimo lilipofika kina cha kiwiko, akaacha kuimba. Akainama, akatoka na kiganja kimejaa mchanga mweupe, kokoto laini, na magamba ya konokono wa majini, madogo kama punje za mahindi.

"Na hawa," akasema, "walikuja kwa miguu?"

"Konokono hutembea," Bujiku akajibu.

"Hutembea, Mwenyekiti. Lakini hawa wamekuja ukoo mzima."

Safari hii hakuna aliyecheka. Scolastika, aliyeshika ncha ya pili ya kamba, aliiweka chini. Alikuwa ametumwa na kitongoji cha chini, ambako watu huchota maji ya kijito hiki na kuyanywa, naye hakuwahi kufika huku juu wakati wa masika. Alilitazama shimo, kisha akamgeukia Melania.

"Mama Luka, wewe ndiye unayeshinda hapa. Maji hufika hapa?"

"Maji hubadilika," Bujiku akawahi. "Mwaka huu hivi, mwaka ujao vile."

Lilikuwa jibu zuri. Melania angeweza kunyamaza tu, likatosha. Lakini alikuwa ameukumbuka mwezi Machi. Usiku wa mvua kubwa alifunga mbao zake kwenye mgunga ulio juu ya mwalo, zisichukuliwe. Asubuhi alizikuta. Kilichopungua ni lundo la marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa, wenye mabaki ya zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu. Lilikuwa limebaki nusu. Alisema afadhali, hatakuwa na kazi ya kulihamisha. Hakujiuliza lilikwenda wapi. Sasa aliyelipokea kule chini alikuwa amesimama mbele yake, anangoja jibu.

Alipanda hadi kwenye mgunga, akagusa nyasi kavu zilizonasa kwenye miiba, usawa wa goti.

"Hufika hapa," akasema. "Machi yalifika hapa."

"Katibu," Bujiku akasema taratibu, "unajua mwalo wako uko wapi?"

"Najua."

"Na tanuru langu je?"

"Nalo najua lilipo, Mwenyekiti."

Bujiku alilitazama tanuru lake kitambo. Halafu akateremka mwenyewe kung'oa kile kijiti, akaja nacho, akakichomeka chini ya mgunga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Jilala alifukia shimo. Scolastika akaokota ncha ya kamba, na wakaanza kupima upya kuelekea juu, mafundo yote sita.

Melania alifuta mstari mmoja daftarini, akaandika: kutoka mgungani.

Jumapili mbili Bujiku hakumsalimia kanisani. Ya tatu alimuuliza kama anajua mahali penye udongo mzuri wa tofali huko juu, naye Melania akamwelekeza.

Kuhama kulimchukua Melania siku nne. Jilala alileta mkokoteni wa ng'ombe kubeba mbao, na lile lundo la marudio wakalipakia kwenye viroba mpaka chembe ya mwisho. "Mayu," akamwambia, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "kutoka huku hadi majini ni safari. Utaota misuli kama dume langu."

"Basi nitakuvutia mkokoteni."

Jilala hakuwa ametia chumvi. Zamani Melania aliosha viroba vinane kwa siku. Alipiga hesabu ya ndoo na mwendo, akaona huku vitakuwa vitano, labda vinne jua likiwa kali.

Jilala alipoondoka, alichukua jembe, akaanza kuchimba shimo la kukingia maji machafu ya mwalo mpya. Lilipofika kina cha kiwiko alipiga magoti, akateka udongo kwa mikono miwili, akaupepeta kidogokidogo kati ya vidole. Ulikuwa udongo mwekundu, mizizi, na mchwa wachache. Akateka tena upande wa pili, akatazama.

Hapakuwa na konokono. Akachukua ndoo zake mbili, akateremka kuchota maji.