Tundu Kwenye Pezi la Kushoto

Saa tatu asubuhi mhesabu kasa alikuwa na picha mia mbili mezani na chai iliyokwisha kupoa. Saa nne wakubwa wa kampuni ya meli wangeingia ukumbini kutia saini. Ilikuwa miaka kumi na miwili tangu meli yao ipasuke na kumwaga mafuta, na mkataba haukumung'unya maneno: kasa majike wakifika tisini, kama zamani, ufuatiliaji unafungwa na kampuni inakwenda zake. Daftari lake lilionyesha tisini na saba.

Ndipo alipoliona tundu. Lilikuwa dogo, limepona, kwenye pezi la kushoto, pale panapofungwa kibati cha namba. Akatazama picha nyingine, akaliona tena. Na nyingine.

Mwaka wa nne wa ufuatiliaji ni yeye, si mwingine, aliyeweka kanuni: kasa asiye na kibati ni mgeni, mvishe kipya, mwandike. Kumbe vibati vile vya bei poa vililiwa na kutu vikang'oka, na kasa walewale wakawa wanarudi kutaga na kuandikwa upya. Alihesabu mara mbili. Kasa wa kweli walikuwa arobaini na mmoja. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na juu ya aibu ikapanda hasira.

Mkurugenzi wa kituo chao aliingia akikaza tai. Zamani alikuwa mwanafunzi wake, tena yule aliyewakimbia hata kaa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Mama, usijipalie makaa. Kosa ni lako. Watakucheka kwa kazi ya miaka yote kumi na miwili. Nyamaza, ustaafu na heshima yako."

"Heshima gani hiyo, mwanangu, ya kulindwa na uongo?"

"Sasa nani atakuamini tena?"

"Asiniamini. Picha hizo hapo, ahesabu mwenyewe."

Akazikusanya picha zake kwapani akampita.

Ukumbini wageni walikuwa wameshatoa kalamu. Alisimama bila kuomba nafasi, akajua sauti itatetemeka, na ikatetemeka kweli. Hakuacha.

"Kasa ni arobaini na mmoja. Hao hamsini na sita wengine nimewazaa mimi, kwa kalamu."

Mkurugenzi alitazama viatu vyake. Mwanasheria wa kampuni akatabasamu, kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Kwa hiyo unakiri mbele ya watu kwamba umekosea kazi yako?"

"Nimekosea kazi yangu," alisema. "Na ninyi hamjamaliza yenu."

Akaivuta ile hati ya kufunga ufuatiliaji, akaikata namba tisini na saba kwa mstari mmoja, akaandika arobaini na mmoja. Chini yake akaandika jina lake lote, na la baba, na la babu, kwa herufi kubwa.