Lori Lililopita Mchana

Lori la kiwanda lilifika kituo cha majani ya chai mchana, likapakia magunia yote, likaondoka. Ya Bethwel yalikuwemo. Aliyanyanyua mwenyewe, akamwona karani akifunga mizani, kisha akapanda kilima kifupi hadi nyumbani kwake na kumwambia mkewe kwamba lori halijafika.

“Limekwama huko chini, upande wa Roret,” alisema. “Barabara ni matope. Hakuna anayejua litakuja saa ngapi.”

Nyatichi alikuwa ameinama juu ya kikapu, akifunika chapati kwa kitambaa. Alinyooka. Hakuuliza swali, na Bethwel alikuwa ametegemea hilo. Mtu aliyelelewa kwa chai, iwe ni Bureti au ng'ambo ya pili kwa Wakisii, haulizi. Majani yaliyochumwa asubuhi hayangoji. Yakibanwa kwenye gunia hupata joto na kugeuka kahawia, na kufikia jioni hakuna kiwanda kitakachoyapokea. Lori likichelewa, mwenye majani huyamwaga sakafuni pale kituoni na kuyageuza kwa mikono yapate hewa, hata kama siku hiyo ana arusi.

“Na wengine wanafanyaje?” aliuliza Nyatichi hatimaye, kwa ajili ya majirani tu.

“Tumepeana zamu ya kugeuza. Kiptum yuko huko sasa. Lakini kwenda mbali siwezi.”

“Huwezi. Wacha nimpigie Tata.”

Alisimama barazani akazungumza na baba yake kwa Kikisii. Bethwel hakuelewa mengi, ila alilitambua neno lori, na aliitambua sauti. Ilikuwa sauti ya mtu anayesema kweli.

Walikuwa waende Chepilat, kwa kina Nyatichi. Safari ilikuwa imepangwa tangu Pasaka. Mzee Gekara, baba yake Nyatichi, hakuwahi kuingia katika nyumba hii, ingawa binti yake aliishi hapa na kuzaa watoto wawili hapa. Katika ukoo wake mzazi haendi kwa mkwe mpaka mkwe mwenyewe aje, asimame mbele ya wazee, amwalike kwa kinywa chake. Kwa kawaida mkwe huenda na mjomba wa kumsaidia maneno. Mjomba wa Bethwel, Isaiah, alikuwa amelazwa. Bethwel angesimama peke yake.

Kwa wiki nzima alijiambia kwamba amechoka. Alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha mbali na alilala nyumbani Jumamosi na Jumapili tu, kwa hiyo uchovu ulikuwepo. Lakini uchovu haukuwa sababu. Sababu ilikuwa ile sebule ya Chepilat, viti vilivyopangwa ukutani, wazee wakinyamaza ili aseme.

Mvua ilianza alasiri, nzito, na barabara ikawa matope kweli. Bethwel aliitazama kupitia dirisha na hakupata nafuu yoyote kutokana nayo.

“Kwa hivyo hatuendi kabisa?” aliuliza Chelimo, binti mkubwa, ambaye tayari alikuwa amevaa rinda la kanisani.

“Hatuendi. Lakini leo ni sinema,” alisema Bethwel. “Leteni blanketi zote.”

Nyatichi aliingiza jiko la makaa sebuleni na kuacha dirisha moja wazi kidogo. Chelimo alikaanga bisi kwenye sufuria, nusu zikaungua. Nelvine, mdogo, alichomeka flashi kwenye runinga. Ilikuwa na filamu ya katuni waliyonunua sokoni, ya kifaru mchanga aliyeogopa maji.

“Hii nimeiona kwa kina Moureen,” alisema Chelimo. “Mwishowe anavuka mto.”

“Mama! Ameniambia mwisho!”

“Kwani ulidhani atafanya nini, atajenga daraja? Ni kifaru.”

“Chelimo, funga hiyo mdomo ule bisi,” alisema Nyatichi, akicheka.

Walibanana kwenye kochi moja. Baada ya muda bisi ziliisha, na Nelvine akatazama kile kikapu kando ya mlango.

“Mama, tule zile chapati?”

“Kuleni. Kesho zitakuwa ngumu.”

“Si zilikuwa za babu?” aliuliza Chelimo.

“Babu ataelewa. Yeye pia ana chai.”

Kando ya kikapu kulikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, kimefungwa kwa leso safi. Bethwel aliyatia maziwa hayo ndani wiki iliyotangulia, baada ya kukipaka kibuyu ndani masizi ya mti aliouchoma mwenyewe, kwa sababu Mzee Gekara aliwahi kusema kwamba kitu pekee alichowaonea wivu Wakipsigis, watu wa Bethwel, ni hicho. Hicho hakuna aliyekigusa.

Nyatichi aliegemeza kichwa begani kwake. “Unajua, nilikuwa nimekasirika,” alisema kwa sauti ya chini. “Sio kwako. Kwa lori. Sasa naona ni sawa tu. Lini mara ya mwisho tumekaa hivi?”

Bethwel alisema hakumbuki. Jiko lilikuwa na joto la kutosha, watoto walinukia mafuta ya kupikia, na kila kitu alichokitaka siku hiyo alikuwa nacho. Hakuweza kukaa vizuri. Alihamisha mguu, kisha mkono, na Nyatichi akamuuliza kama kochi lina kunguni.

Simu yake ililia. Ilikuwa Kiptum, jirani mwenye duka linalotazamana na kituo cha majani. Bethwel alitoka nayo barazani.

“Wewe jamaa, umesema nini kwa watu?” alisema Kiptum. “Kuna mzee hapa na pikapu. Ana turubai, ana kamba, ana magunia matupu. Anauliza majani ya Bethwel iko wapi.”

Bethwel aliuvuta mlango nyuma yake.

“Anasema kuna kiwanda cha kibinafsi huko kwao kinapokea mpaka usiku, amekuja kukuokolea mzigo. Nimemwambia aingie dukani, amekataa. Nikamwambia nyumba yako ni hiyo hapo juu, akasema haiwezekani, hajaitwa. Amekaa kwa benchi ya kituo. Mvua inaingia upande ule.”

“Umemwambia lori ilipita?”

“Sijasema kitu. Nimeona nikuulize kwanza. Nimwambie nini, Bethwel?”

Ndani, Nelvine alikuwa akipiga kelele kwamba kifaru ameanguka. Bethwel alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka, rahisi kuliko yale ya mchana.

“Mwambie lori imepita sasa hivi. Kabla tu afike.”

“Sawa,” alisema Kiptum. “Lakini hiyo ni yako. Sio yangu.”

Alirudi kwenye kochi. Hakuwa ameketi kwa muda mrefu simu ya Nyatichi ilipolia. Nyatichi alisikiliza, akasimama, blanketi likaanguka.

“Tata? Uko wapi? Kwa mvua hii?” Kisha akaendelea kwa Kikisii, haraka, akicheka na kufuta macho kwa kiganja. Alipomaliza alimgeukia mumewe. “Baba Chelimo, Tata yuko hapo kituoni! Na Antony. Walikuja kubeba majani yako. Anasema tumshukuru Mungu, lori imefika. Wanangoja tu mvua ipungue, gari ilikuwa inateleza vibaya.”

Antony alikuwa kaka yake, mwenye hiyo pikapu.

“Nilimwambia apande huku akakataa,” aliendelea Nyatichi. “Unamjua. Chukua koti lako kubwa umpelekee. Na mursik yake. Nenda, nenda! Mzee anapigwa na baridi kwa ajili yako.”

Bethwel alishuka na koti kwenye mkono mmoja na kibuyu kwenye mwingine. Mzee Gekara alikuwa ameketi chini ya paa la mabati, karibu na mizani. Alikuwa amevaa shati jeupe na tai, mavazi ya kupokea wageni, na hakuwa amepoteza wakati kuyabadilisha. Suruali ilikuwa na matope hadi magotini. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri kando yake.

“Omoko! Mkwe wangu!” Alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. “Imefika! Nilikuwa nasema njiani, tukikuta yameungua, mtoto huyu atalia.”

“Baba,” alisema Bethwel.

“Hapana, usinishukuru. Ni majani.”

“Baba, lori ilipita mchana. Majani yangu ilienda nayo. Hakuna kitu ilikwama.”

Mzee Gekara aliendelea kushika mkono wake. “Mchana gani?”

“Leo.”

“Kabla Nyatichi anipigie.”

“Kabla.”

Antony aliteremsha kioo cha pikapu. “Ati nini? Yaani tumesukuma gari pale Sotik na viatu ya kanisa, na mtu alikuwa kwa nyumba?”

“Antony, nyamaza,” alisema mzee. Aliuachilia mkono wa Bethwel. “Nyatichi alijua?”

“Hapana. Nilimdanganya pia.”

“Na huyu wa duka? Aliniambia imepita sasa hivi.”

“Ni mimi nilimwambia aseme.”

“Kuna mgonjwa? Kuna shida nyumbani?”

“Hakuna. Niliogopa kusimama mbele yenu. Mjomba angekuwepo…” Bethwel aliacha sentensi hapo. Haikuwa na mwisho wa maana.

Mzee Gekara alitazama juu ya kilima. Kulikuwa na nyumba moja tu yenye mwanga wa runinga dirishani, ukibadilika buluu, kisha njano.

“Ndiyo hiyo nyumba?”

“Ndiyo.”

“Iko karibu,” alisema mzee.

“Baba, karibu nyumbani. Tafadhali. Mpande wote wawili, kuna moto.”

“Sio hivi.” Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na Bethwel angependelea iwepo. “Rudi umwambie mke wako. Asisikie kwa Antony. Mimi nitangoja hapa, maana akisikia atataka kuniona.”

Bethwel alimnyooshea koti. Mzee alilichukua, akalivaa, kwa sababu kulikuwa na baridi. Alipomnyooshea kibuyu, mzee alitikisa kichwa.

“Hiyo rudi nayo.”

Nyatichi alikuwa mlangoni akingoja habari. Alikiona kibuyu kabla ya kumtazama mumewe usoni, na tabasamu lake likatoweka. Hakuna mtu wa nchi hii anayerudishiwa mursik bila sababu.

“Amekataa? Umemfanya nini?”

Bethwel alimwambia hapo hapo barazani, kwa mpangilio: lori la mchana, wazee wa Chepilat, simu ya Kiptum. Nyatichi alisikiliza mpaka mwisho.

“Mimi ndiye nilimpigia,” alisema. “Kwa mdomo wangu. Nilimwambia Tata, Bethwel anageuza majani kwa mikono, hajala.”

“Najua.”

“Hujui. Yeye hajawahi kunipata na uongo tangu nizaliwe.”

Alivaa gambuti, akachukua tochi na mwavuli. Bethwel alipiga hatua kumfuata.

“Wewe kaa na watoto,” alisema Nyatichi. “Si ulitaka kukaa nyumbani?”

Alikaa. Nelvine alilalamika kwamba hawakuona vizuri sehemu ya mto kwa sababu ya simu nyingi, akarudisha filamu nyuma. Kifaru alisimama ukingoni, akatetemeka, akaingia majini. Chelimo hakusema tena kwamba aliwaambia. Alikuwa akimtazama baba yake kwa pembeni.

“Baba, babu amekula?”

“Hapana.”

Chelimo alichukua chapati iliyobaki, akaifunika tena kwa kitambaa, akairudisha kikapuni.

Filamu ilikwisha. Taa za pikapu zikawaka kule chini, zikazunguka polepole, zikaelekea barabara ya Sotik. Baadaye Bethwel alisikia gambuti barazani, na kijiti kikikwangua matope kwenye soli. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nyatichi aliingia na koti la Bethwel mkononi, limekunjwa.

“Tata amesema Jumamosi ijayo atakuwa na wazee,” alisema. “Uende. Bila mjomba, bila mimi. Uwaambie kwanza kwa nini hukufika leo, halafu ndiyo useme kingine, kama utakuwa nacho.”

“Mbele ya wote?”

“Mbele ya wote.”

Alimnyanyua Nelvine, aliyekuwa amesinzia, akaketi mwisho wa kochi upande wa pili, na kumlaza mtoto katikati yao. Makaa yalikuwa yamefifia. Bethwel aliuliza kama aongeze.

“Ongeza,” alisema Nyatichi bila kumtazama. “Watoto wanasikia baridi.”